Uliza Shangazi: “Narekodi, nafuta, narekodi tena”

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani. Muda mrefu nimetamani kutoa video za kufundisha ushonaji, somo la kwanza liwe kuunga kola ya shati. Nimenunua taa, nimenunua kipaza sauti. Nikirekodi naona mkono umetikisika, au nimesema “eeh” mara nyingi mno, nafuta. Siku hizi hata kurekodi sirekodi, nawaza kamera nzuri zaidi. Mume wangu anasema ni uvivu. Dada yangu anasema nimezidi kujipa masharti, nitoe chochote tu. Je, nishushe kiwango?
Fundi Kola

Marahaba, binti yangu. Mvivu hanunui taa na kipaza sauti, kwa hiyo la mumeo tuliweke kando. (Wala sitakuambia ngoja ngoja huumiza matumbo, naamini umeshaambiwa hadi umechoka.)

La dada yako ndilo la kujadili. Mwaka 2017 watafiti Sirois, Molnar na Hirsch walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu watu wanaotaka kila kitu kiwe kamilifu na tabia ya kuahirisha. Walikuta humo mna mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Wapo wanaojiwekea lengo la juu na kulikimbilia; hao kwa kawaida huahirisha kidogo. Wapo wanaohofia kukosea, wanaojisuta na kuwaza watu watasema nini. Hao ndio huahirisha zaidi. Basi kiwango usishushe. Kola iendelee kukaa sawasawa shingoni. Kinachokufunga mikono ni yule mtazamaji uliyemweka kichwani kabla hata hujawasha kamera. Na kila ukifuta unapata nafuu papo hapo, maana hakuna tena cha kuhukumiwa. Nafuu hiyo ndiyo inayokurudisha kufuta kesho.

Mteja akikuletea kitambaa cha ghali na mshono usiouzoea, si unajaribu kwanza kwenye kitambaa hafifu? Jaribio lile humvishi mtu. Rekodi video ya kwanza hivyo hivyo, ukijua haiendi kokote. Chukua kipande kimoja tu, kile cha kugeuza ncha za kola, ambapo wanaojifunza hukwama, uende nacho hadi mwisho bila kusimama. Siku hiyo usiitazame, wala usiifute. Kesho yake itazame ukiwa na swali moja: asiyejua kushona kola angeweza kufuata? Mkono kutikisika hakujibu swali hilo. Ukiona amepotea mahali, rudia mahali hapo tu.

“Nitarekodi wiki hii” haikusaidii. Mwaka 1997 Gollwitzer na Brandstätter waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika ripoti wakati wa likizo. Katika wale waliotaja mapema ni lini na wapi wangeiandika, waliomaliza kwa wakati walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliomaliza miongoni mwa wale ambao hawakutaja. Nawe sema: Jumanne, nikimaliza kazi ya mteja wa mwisho, kabla sijafunika cherehani, nawasha simu. Simu, nimesema. Habari ya kamera tuiache mpaka masomo matatu yawe yametoka.

Tarehe ya kuitoa usijipangie mwenyewe. Ariely na Wertenbroch walionyesha mwaka 2002 kwamba wanaojiwekea tarehe za kukabidhi kazi hufanya vizuri kuliko wenye tarehe moja tu ya mwisho, lakini hawawafikii wale waliopangiwa tarehe na mtu mwingine, zikiachana kwa muda ulio sawa. Dada yako anapenda “chochote tu”, basi kazi hiyo ni yake. Apange Ijumaa zake, umkabidhi video ilivyo, naye ndiye abonyeze kitufe. Maoni ya watazamaji ayasome yeye kwanza, akuletee yale yanayouliza jambo la ushonaji.