Unaanza kutuma barua pepe kwa terminali? Soma hili kabla ya kugusa cron

Kwa karibu miezi miwili sanduku langu la barua lilikuwa kimya, nami nikakichukulia kimya hicho kuwa amani. Nilikuwa nimeandika skripti ya bakapu (orodha ya amri inayonakili data kila usiku) kwenye seva ya ofisi nikaiagiza: ukishindwa niandikie, ukifanikiwa nyamaza. Nilijiona mjanja, maana nani anataka kusoma "mambo safi" kila asubuhi? Siku diski ya seva ilipokufa nilichomeka diski ya nje bila wasiwasi wowote, nikakuta faili la mwisho lina umri wa wiki saba. Diski ile ya nje ilikuwa imejaa. Skripti ilishindwa kila usiku, kila usiku ikajaribu kuniandikia, na barua zenyewe nazo zikashindwa kutoka. Hesabu za wiki saba ziliingizwa upya kwa mkono kutoka kwenye vitabu vya risiti. Wahasibu hawakunitukana, ila salamu zao zilikuwa fupi sana mwezi ule.

Kwa hiyo wewe unayeanza leo, nakupa niliyoyapata kwa njia hiyo ya gharama.

Programu ninayotumia ni msmtp, iliyoandikwa na Martin Lambers. Kazi yake ni moja: inapokea barua kutoka kwenye terminali (dirisha la kuandika amri) au skripti na kuikabidhi kwa seva ya barua. Haisomi barua, haina madirisha, na ni ndogo kiasi kwamba bando lako halitasikia. Ukikuta mwongozo wa zamani unakuelekeza kwa ssmtp, uache. Ile ilitelekezwa siku nyingi. Kwenye Debian na Ubuntu:

sudo apt install msmtp msmtp-mta ca-certificates

Kifurushi cha pili, msmtp-mta, wengi hukiruka. Ndicho kinachoweka njia ya mkato inayoitwa sendmail. Programu kibao za Linux, cron (ile inayoendesha skripti kwa saa uliyopanga) ikiwemo, hazijui kitu kinachoitwa msmtp. Zinajua kumwita sendmail tu, jina lililobaki tangu programu ya Eric Allman ya pale Berkeley. Bila njia hiyo ya mkato, cron itapiga hodi kwenye nyumba isiyokuwepo. Wakati wa kusakinisha unaweza kuulizwa kuhusu AppArmor. Mimi hujibu hapana. Ukijibu ndiyo, programu huzuiwa kugusa baadhi ya faili na kuendesha baadhi ya amri, halafu utahangaika nusu siku na kosa la "ruhusa imekataliwa" wakati ruhusa za faili zako ziko sawa kabisa.

Mipangilio inakaa kwenye faili la .msmtprc ndani ya nyumba ya mtumiaji. Langu linafanana na hili:

defaults
auth on
tls on
logfile ~/.msmtp.log

account mashine
host smtp.gmail.com
port 587
from mashine@example.com
user mashine@example.com
password hapaninenosirilaprogramu

account default : mashine

Kisha chmod 600 ~/.msmtprc, ili asomaye awe wewe peke yako. Ukiliacha wazi msmtp itagoma, na ina haki.

Namba ya poti si mapambo. Ukiweka 587, mazungumzo huanza wazi kisha hufungwa kwa usimbaji. Ukiweka 465, usimbaji unatakiwa tangu neno la kwanza, na lazima uongeze mstari wa tls_starttls off. Ukiusahau, hutaona kosa lolote. Kishale kitakaa pale kinawakawaka: programu yako inasubiri seva isalimie, seva inasubiri programu yako ianze kusimba, kama watu wawili mlangoni kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia". Nimewahi kumlaumu mtu wa mtandao kwa jambo hilo, naye akaja na ngazi yake kukagua waya. Poti 25 usijisumbue nayo. Ni ya seva kuzungumza na seva, na kampuni nyingi za intaneti huizuia kwa wateja wa kawaida kwa sababu ya barua taka.

Kuhusu nenosiri: kwa akaunti binafsi za Gmail, lile unaloingilia kila siku halifanyi kazi hapa tangu tarehe 30 Mei 2022. Unawasha uthibitisho wa hatua mbili, kisha unatengeneza nenosiri la programu, herufi 16. Ukiona namba 535 kwenye majibu ya seva, tatizo ni hapo, usihangaike kwingine. Na tafadhali fungua akaunti ya mashine peke yake, usitumie yako. Nenosiri la programu linafungua barua zote za akaunti ile, za kutoka na za kuingia, na faili la .msmtprc lina tabia ya kunakiliwa ovyo. Leo liko kwenye seva, kesho liko kwenye flashi ya mtu, keshokutwa limepandishwa GitHub pamoja na skripti.

Sasa jaribu:

printf 'To: wewe@example.com\nSubject: Jaribio\n\nHabari za kazi.\n' | msmtp -t

Ona zile \n\n mbili zilizoongozana kabla ya "Habari". Ni mstari mtupu, na mstari huo ndio mpaka kati ya kichwa cha barua na mwili wake. Barua pepe bado inafuata umbo hilo, kama ilivyopangwa mwaka 1982. Siku moja niliusahau. Mstari wa kwanza wa ujumbe wangu ulikuwa "Bakapu: imekamilika". Kwa kuwa una neno, nukta mbili, kisha maneno, ulisomwa kama sehemu ya kichwa, sawasawa na Subject. Barua ikafika nyeupe, haina neno hata moja ndani. Nilikaa nayo muda mrefu kabla sijafungua chanzo chake na kuona "Bakapu" imekaa kwa adabu kati ya vichwa vingine.

Ile -t nayo ina maana yake. Seva ya barua haisomi barua kujua ya nani, inasoma bahasha. Bahasha ni mazungumzo ya pembeni kati ya programu na seva: inatoka kwa fulani, iende kwa fulani. Barua yenyewe inaweza kusema To: mkurugenzi huku bahasha ikienda kwa mlinzi. Kwa -t unaiambia msmtp ichukue majina yaliyo ndani ya barua iyaandike kwenye bahasha. Ukilielewa hili, Bcc (nakala ya siri) inaacha kuwa uchawi: jina liko kwenye bahasha, kwenye barua limefutwa.

Jambo ambalo sisi waandishi wa Kiswahili tunadhani halituhusu ni herufi. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida tu, kwa hiyo barua zako zitapita vizuri mpaka siku utakaponakili neno kama ng'ombe kutoka kwenye simu. Simu huweka alama ya juu iliyopinda, na kwa mpokeaji neno linaweza kutokea kama ngâ€™ombe. Ongeza kwenye kichwa mstari wa Content-Type: text/plain; charset=UTF-8. Kwenye Subject baki na herufi za kawaida. Huko kuna utaratibu mwingine wa kusimba na hauna haja ya kuujua wiki hii.

Ikikataa, usianze kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha. Iulize seva kwanza, bila nenosiri lolote:

msmtp --serverinfo --host=smtp.gmail.com --port=587 --tls=on

Ikijibu na kuonyesha cheti chake, njia iko wazi na tatizo ni la akaunti. Isipojibu, tatizo ni la mtandao. Ikilalamika kwamba cheti hakijaanza kutumika, angalia saa ya kompyuta. Nimelikuta hilo kwenye mashine mbili kuukuu ambazo betri ya kwenye ubao mama ilikuwa imekwisha: umeme ukikatika, zinaamka zikiamini ni mwaka ambao cheti kilikuwa hakijatengenezwa. Betri ni ile ya kidonge, CR2032, muuza saa anayo.

Kuna pia msmtp -d, inayoonyesha mazungumzo yote na seva neno kwa neno. Ni mwalimu mzuri. Ila matokeo yake usiyabandike kwenye kundi la WhatsApp ukiomba msaada, kwa sababu nenosiri lako linaweza kuwamo, limevalishwa nguo nyepesi ambayo yeyote anaweza kuivua kwa amri moja.

Sasa cron, na wiki zangu saba. Nilikuwa nimejaribu kila kitu kwa mkono, nikiwa nimeingia kwa jina langu. Barua zilifika. Kisha nikaiweka skripti kwenye cron ya root, mtumiaji mkuu wa mashine, kwa sababu bakapu ilihitaji ruhusa za juu. Root anapotuma barua anatafuta .msmtprc kwenye nyumba yake, /root, na huko hapakuwa na kitu. Basi. Wiki saba kwa sababu hiyo tu. Ama weka nakala ya mipangilio /root, ama tumia /etc/msmtprc ya mashine nzima, lakini jaribio lako la mwisho lifanywe na cron yenyewe, siyo vidole vyako. Andika mstari wa kutuma barua baada ya dakika tatu, kaa, subiri. Cron haina PATH yako (orodha ya mahali pa kutafuta programu) wala haina wewe wa kuandika nywila inapoulizwa. Kama umefuata ushauri mzuri wa kuficha nenosiri kwa gpg (programu ya kufungia faili kwa nywila) na passwordeval (mstari wa .msmtprc unaoita amri ya kulifungua), usiku hakuna mtu wa kulifungua. Ndiyo sababu kwenye seva nimekubali nenosiri likae wazi ndani ya faili lenye chmod 600. Silipendi. Ila ni la akaunti ya mashine, na ninaweza kulifuta saa yoyote.

Na saa zenyewe! Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliambiwa bakapu iende saa sita usiku, akaandika 0 6 (dakika, kisha saa). Cron haisemi Kiswahili: kwake 6 ni saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita usiku ni 0 0. Na kama seva umeikodi nje, mara nyingi saa yake ni UTC, masaa matatu nyuma yetu, kwa hiyo 0 0 yake ni saa tisa usiku ya Dar es Salaam na Nairobi. Andika date kwenye seva kabla ya kupanga chochote.

Halafu ujue msmtp haina foleni. Mtandao ukiwa umelala wakati ule inapojaribu, barua imepotea. Haitajaribu tena kesho. Kwa mitandao yetu hili si jambo la nadra. Kuna skripti za foleni zinazokuja pamoja nayo, lakini mimi huridhika na hii:

for i in 1 2 3 4 5; do
  msmtp -t < /root/barua.txt && break
  sleep 600
done

Mara tano, kila baada ya dakika kumi. Ikifika mara ya tano bado inagoma, basi asubuhi utakuta shida kubwa kuliko barua.

Ukifungua .msmtp.log utaona mistari inayoishia na smtpstatus=250 na exitcode=EX_OK. Wageni wengi huishia hapo, wanafunga kompyuta. 250 maana yake seva ya kwanza imepokea, ni kama risiti ya kifurushi pale stendi ya mabasi: inathibitisha kwamba ofisi ya basi imeupokea mzigo, haisemi lolote kama shangazi Bukoba ameuona. Huko mbele barua inaweza kukataliwa, au ikatupwa kwenye barua taka bila mtu kuambiwa. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila anayetuma kwa wateja wake awe na SPF au DKIM (alama zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina) kwenye jina la mtandao wake, kwa hiyo kujifanya unatuma kutoka kwenye anwani isiyo ya akaunti yako ni kujitafutia kikapu cha takataka. Mstari wa from ufanane na user, umalize.

Viambatisho msmtp haivijui. Tumia mutt, programu ya barua ya kwenye terminali, ukiweka set sendmail="/usr/bin/msmtp" kwenye .muttrc, kisha:

echo "Ripoti ya mwezi." | mutt -s "Ripoti" -a ripoti.pdf -- mkuu@example.com

Zile vistari viwili kabla ya anwani zisipokuwepo, mutt itadhani mkuu ni faili la kuambatisha. Kumbuka pia kiambatisho huvimba kwa theluthi moja kikisimbwa kwa safari, kwa hiyo kikomo cha Gmail cha MB 25 kwa kweli ni faili la MB 18 hivi.

Skripti yangu ya sasa inaandika kila usiku, ishinde ishindwe, kwa anwani iliyo nje ya ofisi. Nimeweka nafasi iliyobaki kwenye diski ndani ya Subject, niione kwenye simu bila kufungua: "Bakapu 03/10 OK, imebaki 41G". Mkuu wangu, ambaye naye anapata nakala, aliwahi kuuliza kama kuna ulazima wa kumjazia sanduku. Nikamwambia asizisome. Azifute kila siku akiamka, na siku akikosa ya kufuta anipigie.