Mapigano ya Gravelines: 29 Julai au 8 Agosti 1588?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Ninaandika insha kuhusu vita vya Malkia Elizabeth wa Kwanza na Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Kitabu kimoja kinasema mapigano ya baharini ya Gravelines yalitokea 29 Julai 1588, kingine 8 Agosti. Nifuate kipi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita)

Jibu: Marahaba. Vitabu vyote viwili viko sahihi. Ni Jumatatu ile ile, ila Waingereza na Wahispania walikuwa wakitumia kalenda mbili. Usiku wa kuamkia siku hiyo Waingereza walitia moto merikebu nane na kuziachia zielekee kwenye meli za Hispania zilizotia nanga Calais. Kwa hesabu ya London usiku huo ulianza 28 Julai. Kwa hesabu ya Hispania, 7 Agosti.

Februari 1582 Papa Gregori wa 13 aliagiza kalenda ya Julius Kaisari irekebishwe. Ilikuwa imeachana na mwendo wa jua kwa siku 10, na Pasaka ikawa inasogea nje ya majira yake. Hispania ya Philip ilitii mwaka huo huo: baada ya 4 Oktoba ikafuata 15 Oktoba. Uingereza haikufuata.

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu kutofuata huko ni sehemu ya uhasama unaouandikia. Mwaka 1570 Papa Pius wa Tano alikuwa amemtenga Elizabeth na Kanisa na kuwafungua raia wake kutoka katika utii kwake. Hata hivyo, hesabu zenyewe serikali ya malkia ilizielewa vizuri. Mwanahisabati John Dee alitakiwa ushauri, akaunga mkono marekebisho. Waliokataa ni maaskofu, wakiongozwa na Edmund Grindal, Askofu Mkuu wa Canterbury: hawakutaka kupokea amri iliyotoka Roma. Jambo likafa. Miaka michache baadaye mataifa hayo mawili yalipopigana baharini, hata tarehe ya vita hawakuwa nayo moja.

Kubadili tarehe ni rahisi. Tarehe ya Kiingereza iliyo kati ya Oktoba 1582 na 28 Februari 1700, iongeze siku 10. Kuanzia hapo hadi 1752 ongeza 11, kwa kuwa Uingereza iliupa mwaka 1700 siku ya 29 Februari na kalenda ya Gregori haikuupa. Siku ya juma haibadiliki, kwa hiyo barua ikitaja Jumatatu, itumie kuhakiki hesabu yako. Bila hesabu hii utakuta Mwanamfalme William wa Orange aking'oa nanga Uholanzi 11 Novemba 1688 na kushuka Torbay, Uingereza, 5 Novemba, yaani kafika kabla ya kuondoka! Kwa kalenda ya Kiingereza aliondoka 1 Novemba.

Mtego mkubwa zaidi, na wengi huupita bila kuuona, ni mwaka wenyewe. Kisheria, mwaka mpya wa Uingereza ulianza 25 Machi. Elizabeth alifariki Richmond alfajiri ya Alhamisi, 24 Machi. Kwa karani wa London hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya 1602. Uskoti, kwa mrithi wake James, ilikuwa tayari 1603, maana Waskoti walihamishia mwaka mpya 1 Januari tangu 1600, ingawa tarehe zao zilibaki za kalenda ya zamani. Hispania ilikuwa 3 Aprili 1603. Kwa hiyo waraka wowote wa Kiingereza wa kati ya 1 Januari na 24 Machi uchunguze mara mbili kabla ya kuandika mwaka.

Kwenye insha yako chagua kalenda moja na uitaje mwanzoni kabisa. Kwa kuwa unazungumzia pande zote mbili, mimi ningeandika 29 Julai/8 Agosti 1588. Mkataba wa London uliomaliza vita hivyo nao uandike hivyo hivyo: 18/28 Agosti 1604.

Uingereza ilikubali kalenda mpya mwaka 1752, siku iliyofuata 2 Septemba ilipoitwa 14 Septemba. Vita vya baada ya hapo na Ufaransa au Hispania havihitaji hesabu hii tena.