Kabla ya Kuruka Kwenda Ufaransa, Anza na Saa za Forodha

Mdogo wangu mmoja aliyepata leseni ya urubani majuzi kaskazini mwa Uingereza ameniandikia akitaka kujua ni siku gani hali ya hewa itamfaa awapeleke jamaa zake kula chakula cha mchana Le Touquet, mji wa pwani ya Ufaransa. Nampongeza kwa dhati. Hata hivyo, katika ujumbe wake wote hakugusia forodha wala uhamiaji, na kwa safari hiyo mambo hayo hutangulia hata mawingu.

Uingereza haikuwahi kuwamo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti kwenye mipaka baina yao, na tangu kipindi cha mpito cha kujitoa katika Umoja wa Ulaya kilipokwisha tarehe 31 Desemba 2020, anayevuka bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa anavuka mpaka wa forodha pia. Ndege itokayo Uingereza sharti itue kwanza kwenye kiwanja kilichoidhinishwa kupokea wasafiri wa nje, na maofisa wake mara nyingi hutaka wapewe taarifa mapema, pengine tangu siku iliyotangulia. Viwanja vingi vidogo vya Ufaransa vyenye migahawa ya kusifika havina idhini hiyo.

Kwa upande wa Uingereza kuna fomu ya GAR, taarifa ya ndege na waliomo inayopelekwa kwa maofisa wa mpaka. Tangu tarehe 6 Aprili 2024, sheria inataka itumwe kwa mtandao ndani ya saa 48 kabla ya kuondoka, na iwe imefika angalau saa 2 kabla ya kuondoka. Anayepuuza anaweza kutozwa hadi pauni 10,000. Fomu hiyo hutumwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, nayo haichukui nafasi ya mpango wa safari unaopelekwa kwa waongoza ndege. Mimi fomu ya kurudi huijaza kabla sijaagiza chakula.

Angalia pia saa. Marubani hutumia UTC, saa moja ya pamoja kwa dunia nzima, na wakati wa kiangazi saa 0800 UTC ni saa tatu asubuhi Uingereza lakini ni saa nne Ufaransa. Sisi tuliolelewa kuhesabu saa kwa jua kuchomoza tunazigeuza mara moja zaidi, kwa hiyo ziandikwe, zisibebwe kichwani.

Nije kwenye viza. Nilivuka kwa mara ya kwanza nikiwa na pasipoti ya Tanzania, na kuishi Uingereza kihalali hakukuniondolea viza ya Schengen. Wenzangu wa klabu ya urubani waliamua kusafiri wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanga foleni ya viza majuma mengi kabla. Tulipotua, ofisa alizitupia jicho pasipoti zao, kisha yangu akaifunua ukurasa kwa ukurasa, akauliza ndege ni ya nani na nani aliyeirusha. Nikamfungulia jalada: leseni, cheti cha afya, cheti cha usajili wa ndege, cheti cha ubora wa kuruka, leseni ya redio, bima. Alizisoma zote, akanirudishia bila neno. Mwenzangu mmoja akasema kwa sauti kwamba chakula kinapoa kwa sababu yangu. Maneno yale yananikereketa hadi leo, maana ndege niliirusha mimi, na jalada lililoturuhusu kupita lilikuwa langu. Basi ninyi wenye pasipoti za nchi zetu, msiondoke na karatasi pungufu kwa kuwa mwenzenu hakuulizwa. Mtaulizwa ninyi.

Msidhani pia kwamba Ulaya yote ni mpaka mmoja. Uswisi imo katika Schengen lakini iko nje ya umoja wa forodha wa Ulaya, hivyo forodha inabaki. Ayalandi ni kinyume chake. Na kwa kuwa nyama na maziwa ya msafiri hayaruhusiwi kuingizwa Umoja wa Ulaya kutoka Uingereza, sambusa za nyama na chupa ya chai ya maziwa ziishie nyumbani, ndizi zinapita.