Shata za Ndani: Tazama Grili Kwanza, Rangi Baadaye

Barua nyingi safari hii zinauliza habari za shata za ndani, yaani zile fremu zenye vibao vya kupindua zinazofungwa kwa bawaba dirishani badala ya pazia. Nimechukua chache.

Fundi, madirisha yetu yanafunguka kwa nje na grili iko ndani. Shata zitakaa kweli? (Mama, Jinja)

Zitakaa mama, ila hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Mtu anachagua rangi, analipa, halafu siku ya kufunga vibao vinagonga vyuma. Kibao cha milimita 89, ambacho ni saizi ya kawaida, kikilazwa kinatokeza karibu sentimita 4 na nusu kila upande kutoka katikati ya fremu. Kwa hiyo pima nafasi iliyopo kati ya grili na ukingo wa plasta upande wa chumbani. Kama kitasa kinachomoza kupita grili, anza kupimia kwenye ncha yake. Nafasi ikibana, chukua vibao vya milimita 64, au fremu ifungwe juu ya ukuta badala ya kuingizwa kwenye shimo la dirisha.

Upana upimwe juu, katikati na chini, urefu nao mahali patatu. Kama shata inaingia ndani ya shimo, kipimo kidogo kabisa ndicho anachopewa seremala. Halafu pima kona kwa kona. Mishazari miwili isipolingana, dirisha limekaa upande, na kwa nyumba zetu si ajabu. Plasta iwe imekwisha kupigwa kabla hamjapima chochote.

Jambo la mwisho: hakikisha shata inafunguka kama mlango. Ikikazwa isifunguke, mkono utapitia wapi kuvuta dirisha mvua ikianza?

Mvule au msonobari? (Msomaji, Arua)

Mvule mchwa hawaupendi, na unadumu. Lakini ni mzito, unadai bawaba imara, bei yake iko juu, na miti yenyewe imekatwa mno. Kwa shata za ndani, zisizopigwa mvua, mimi sioni haja. Msonobari unatosha ukiwa umekauka vizuri na kupakwa dawa ya wadudu kabla ya rangi. Tatizo ni huko kukauka. Ukienda kununua kwa wauza mbao wa Ndeeba, Kampala, usiulize bei tu, uliza mbao zimekaa juani au kwenye tanuri muda gani. Shika ubao: mbichi ni mzito na wa baridi mkononi. Ukitengenezewa shata kwa ubao huo, baada ya miezi michache vibao vinajipinda na havifungi tena, na seremala hapokei simu.

Zinazuia mbu? (Entebbe)

Hapana. Wala wale wadudu wa ziwani. Weka wavu kwanza.

Jirani amejenga ghorofa juu yetu kilimani, anaona mpaka sahani zetu. Mume wangu anataka shata za nusu dirisha. (Dada, Kampala)

Dada yangu, shata ya nusu ya chini inamzuia mpita njia. Jirani wa juu anaangalia kwa kushuka, naye atapita juu yake bila taabu. Weka ya dirisha zima, kisha pindua vibao ili ukingo wa ndani uwe juu na wa nje uwe chini. Macho yake yatakomea kwenye vibao, na mwanga utagonga vibao hivyo hivyo na kurukia darini, sebule isiwe pango. Usiku taa zikiwaka, funga kabisa. Muulize pia seremala kama vibao vya juu na vya chini vinaweza kupinduliwa kila kimoja kwa wakati wake, inasaidia sana.

Sebule inatazama magharibi, jioni ni tanuri. Shata zitatupoza? (Gulu)

Kiasi tu. Joto likishapita kioo limeshaingia nyumbani, shata nyeupe itarudisha nje sehemu yake. Kinachopoza hasa ni kivuli cha nje: kibaraza, paa lililotokeza, au mti. Kwetu karibu na ikweta jua la jioni linapiga upande huo mwaka mzima, hakuna msimu wa kupumzika. Ukiziweka, zifunge kuanzia saa nane mchana, usingoje chumba kiwake.

Bafuni je?

Plastiki au alumini. Mbao ziache chumbani.

Nina mtoto anayetambaa, na nyumba ni ya kupanga. (Mbarara)

Kwa mtoto, shata zina faida moja kubwa: hazina kamba za kuning'inia kama yale mapazia ya kuvuta, kamba ambazo zinaweza kumnyonga. Ila zimekatwa kwa dirisha moja, ukihama zinabaki kwa mwenye nyumba. Weka pazia la kitambaa kwenye fimbo, fupi lisifike sakafuni, na kitanda cha mtoto kisikae chini ya dirisha.