Maswali na majibu: IQ ya mtandaoni, zawadi za mtoto na hasira isiyoisha

Maswali yaliyonifikia safari hii yanahusu akili, kufikiri, motisha na hisia. Nimeyafupisha, na majina ya walioyauliza nimeyaweka kando.

Nilifanya jaribio la IQ (kipimo cha akili) mtandaoni nikapata 138. Mdogo wangu kapata 96. Nimwambieje kwamba mwenye akili ni mimi?

Usimwambie. Majaribio mengi ya bure mtandaoni yametungwa ili ufurahi na umtumie mwenzako. Jaribio la kweli huchukua saa moja au zaidi, na huongozwa na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Halafu kuna suala la namba yenyewe. Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga mazoezi 30 kwa lengo dogo tu: kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi katika masomo. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern akapendekeza umri wa akili, yaani umri wa watoto ambao mazoezi yao mtu anayamudu, ugawanywe kwa umri halisi. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akaeneza, mwaka 1916, mtindo wa kuzidisha jibu kwa 100. Mtoto wa miaka 8 anayemudu mazoezi ya watoto wa miaka 10 anapata 125. Kwa watu wazima hesabu hiyo inachekesha, maana mzee wa miaka 60 mwenye akili ya mtu wa miaka 75 sijui tumsifu au tumpe pole. Ndiyo maana mwaka 1939 David Wechsler alitumia njia nyingine. Unalinganishwa na watu wa rika lako, wastani wao unaitwa 100, na takriban theluthi mbili ya watu huangukia kati ya 85 na 115.

Kwa hiyo IQ haipimi akili kama mizani inavyopima kilo. Inaonyesha umesimama wapi ukilinganishwa na wengine, na hao wengine nao hawatulii. Miaka ya 1980 James Flynn wa New Zealand alionyesha kwamba alama zilikuwa zikipanda kwa kama pointi 3 kila muongo, nchi baada ya nchi, hata majaribio yakalazimika kusawazishwa upya kila baada ya muda. Urithi wa damu haubadiliki kwa kasi hiyo. Wengi huzitaja shule, lishe bora na maisha yanayomzoesha mtu mafumbo ya aina ile.

Sisemi namba hiyo ni bure. Inabashiri matokeo ya shule vizuri kuliko vipimo vingine vingi. Ila Binet mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka, na alifariki mwaka 1911, kabla ya kuona jaribio lake likigeuzwa muhuri wa kugonga watu usoni.

Rafiki yangu ana shahada mbili lakini anaamini kila uzushi unaopita. Inakuwaje?

Uwezo wa kufikiri ni kitu kimoja, utayari wa kujihoji ni kingine. Fanya mchezo huu na watu wa nyumbani. Waambie namba 2, 4, 6 zinafuata kanuni uliyonayo kichwani, nao waitafute kwa kukutajia namba nyingine tatu tatu. Wewe ujibu tu "zinafuata" au "hazifuati". Watakutajia 8, 10, 12. Zinafuata. Kisha 20, 22, 24. Zinafuata. Hapo watatangaza kwa kujiamini kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Sivyo! Kanuni ni namba zinazopanda, basi. Hata 1, 7, 500 zingefaa.

Peter Wason aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu fumbo hili mwaka 1960, na wengi walikosea walipotangaza jibu lao la kwanza. Akili walikuwa nayo. Ambacho hawakufanya ni kujaribu mfano wa kuwaumbua, mathalani 5, 6, 7. Rafiki yako anafanya vivyo hivyo, ila yeye ana maneno mengi zaidi ya kujitetea. Usimmwagie ushahidi. Muulize ni jambo gani, likitokea, lingemfanya abadili mawazo. Swali hilo humchosha mbishi kuliko hoja kumi.

Binti yangu wa miaka 5 alipenda sana kuchora. Nikaanza kumpa zawadi kwa kila mchoro. Sasa bila zawadi hashiki hata penseli. Nimemharibu?

Hujamharibu, na hauko peke yako. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walifanya utafiti na watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti cha kupendeza, chenye muhuri wa dhahabu na utepe, endapo wangechora. La pili lilichora, kisha likapewa cheti hichohicho bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja hadi mbili baadaye, kalamu ziliporudishwa mezani wakati wa michezo huru, watoto walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Wale waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungua.

Kilichozima hamu, basi, ni mapatano na si cheti. Mtoto akishapatana na mtu mzima kuhusu malipo, kuchora kunakuwa kazi anayofanyia malipo, na malipo yakikoma na kazi inakoma.

Wapo wanaorukia hapo na kusema kila zawadi ni sumu. Sikubaliani nao. Kama mtoto hana hamu na jambo tangu mwanzo, hakuna hamu ya kuua, na zawadi ndogo inaweza kumfanya aanze. Kwa binti yako, acha zawadi bila kutangaza. Weka rangi na karatasi anapoweza kuzifikia, chora naye wakati mwingine, na umuulize juu ya kile alichochora badala ya kumpa alama. Vumilia wiki kadhaa.

Tulifundishwa piramidi ya Maslow, inayopanga mahitaji ya mtu ngazi kwa ngazi: eti mtu hawezi kutafuta heshima kabla ya kushiba. Ni kweli?

Si hivyo alivyoandika. Katika makala yake ya mwaka 1943 Abraham Maslow hakuchora piramidi yoyote, na alisema wazi kwamba mpangilio wa mahitaji si mgumu kiasi hicho. Kwa mfano tu, alikisia mtu wa kawaida aliyetoshelezwa asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika heshima na 10 katika kutimiza vipaji vyake, yote kwa wakati mmoja. Wafungwa wanaogoma kula kwa ajili ya haki zao wanatosha kuivunja ile piramidi.

Nalia kwa kuwa nina huzuni, au nina huzuni kwa kuwa nalia?

William James, mwaka 1884, angekujibu la pili: mwili hutangulia, na hisia ni kuutambua mwili unavyobadilika. Walter Cannon alimpinga mwaka 1927. Moyo hudunda katika hofu, katika hasira na hata katika homa. Utajuaje upi ni upi? Mwaka 1962 Stanley Schachter na Jerome Singer walijaribu kujibu. Waliwadunga watu adrenalini, homoni inayouchangamsha mwili, wakiwaambia ni vitamini, kisha wakawakalisha na mtu aliyeigiza furaha au hasira. Walidai kwamba wasiojua sababu ya mwili kuchangamka waliazima hisia za chumbani. Wazo hilo ni zuri kuliko ushahidi wake, kwani waliourudia utafiti huo hawakupata matokeo yaleyale. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mwili na tafsiri unayoupa hufanya kazi pamoja, na hakuna anayetangulia siku zote.

Nikikasirika napiga mto. Mbona hasira haiishi?

Kwa sababu unapiga huku ukimfikiria mtu. Mwaka 2002 Brad Bushman alilinganisha watu waliopiga gunia la ndondi wakimuwaza aliyewaudhi na wengine waliokaa kimya bila kufanya chochote. Waliokaa kimya ndio waliokuwa na hasira kidogo zaidi. Uache mto.

Nikikaribia mtihani natetemeka. Niitoeje hofu yote?

Usiitoe yote. Robert Yerkes na John Dodson waliona kwa panya, mwaka 1908, kwamba katika kazi ngumu msukumo wa wastani ulifundisha haraka kuliko ule mkali au ule hafifu. Panya si watahiniwa, najua. Lakini mwaka 2014 Alison Wood Brooks aligundua kwamba watu waliojiambia wana shauku kabla ya hotuba au hesabu walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mwili ukishakwenda mbio, kuubadilishia jina ni rahisi kuliko kuupiga breki. Kama unakosa usingizi kwa wiki nzima au unakwepa mtihani wenyewe, hilo ni jambo la kupeleka kwa mshauri nasaha.