Ukienda Tiébélé, Kamera Iwe ya Mwisho

Tiébélé ni kijiji cha Wakasena, kusini mwa Burkina Faso karibu na mpaka wa Ghana. Wengi wanaoniulizia safari ya huko wameshaona picha za kuta zake za udongo, zilizochorwa kwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, na wanataka kujua mwanga mzuri ni wa saa ngapi. Ulizeni mwezi kwanza. Wanawake ndio wachoraji, na kazi hiyo huifanya kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Ukiwakuta kazini, kaa utazame: rangi ikishapakwa, ukuta unasuguliwa kwa jiwe laini mpaka unateleza, kisha unapakwa maji yaliyochemshiwa maganda ya matunda ya mti wa néré. Vanishi yao ndiyo hiyo.

Kutoka Ouagadougou, mji mkuu, unashuka hadi mji wa Pô, halafu kama kilomita 30 kuelekea mashariki. Nchi hiyo imeandamwa na mashambulizi ya makundi yenye silaha tangu 2015, kwa hiyo hali ya njia iulizie wiki ileile ya safari. Jifunze na Kifaransa, hata cha kuombea maji tu.

Makazi ya chifu, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, yana miiko. Usivae nguo nyekundu. Kile kilima kidogo mbele ya lango usikikanyage hata kidogo: ndipo panapozikwa kondo la nyuma la watoto wanaozaliwa katika ukoo huo. Nyumba yenye umbo la tarakimu 8 ni ya wazee, nao hulala humo na wajukuu. Mlango wake uko chini mno. Unaingia umeinama, na kabla hujanyanyuka unakutana na kijiukuta cha kuvuka. Zamani adui aliyepenyeza kichwa hapo alikuwa amejileta mwenyewe kwenye rungu. Warefu, poleni.

Ukikaribishwa chakula, kula. Tô ni ugali wa mtama au uwele, na mboga yake mara nyingi ni majani ya mbuyu au bamia, inavutika vilevile kama mlenda. Sisi tuliokulia Dodoma hatuna kisingizio. Wa pwani mtajikaza.

Picha omba baada ya hapo, kupitia mwenyeji anayekutembeza, na malipo yake mkubaliane mapema. Mama akikataa kupigwa, basi, usimvizie kwa nyuma.