Maswali ya Wasomaji: Mchoraji wa Mazimwi Mwenye Mkono Mmoja

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Ujiji, Kigoma, na riziki yangu ni kuandika majina na kuchora nakshi kwenye maboti ya wavuvi wa Kibirizi. Usiku huchora hadithi za picha kuhusu mizimu ya ziwani aliyonisimulia bibi. Nina miaka 34, na kaka zangu wanasema wakati wangu umeshapita. Nimesikia kwamba Japani ilikuwa na mchoraji wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, mwenye mkono mmoja aliyechora mambo kama haya. Je, ni kweli, na alianza akiwa na umri gani?

JIBU: Ni kweli, ndugu yetu. Huyo ni Shigeru Mizuki, aliyezaliwa tarehe 8 Machi 1922 na kukulia Sakaiminato, mji wa bandari na uvuvi kando ya Bahari ya Japani. Naye alikuwa na bibi wa kumsimulia, ingawa hakuwa wa damu yake: ni mama mzee aliyesaidia kazi nyumbani kwao, ambaye watoto walimwita Nonnonba, na ndiye aliyemfundisha majina na tabia za yokai, yaani mazimwi ambayo Wajapani wa kale waliamini kwamba hukaa majumbani, mitoni na milimani.

Katika Vita Kuu ya Pili alipelekwa na jeshi katika eneo la Rabaul, kwenye kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Huko, akiwa hoi kwa malaria, alijeruhiwa katika shambulio la ndege, na mkono wake wa kushoto ukakatwa.

Ama kuhusu umri, inategemea unahesabu kuanzia wapi. Baada ya vita aliuza samaki, kisha akawa na nyumba ya kupangisha mjini Kobe, katika mtaa ulioitwa Mizuki, na jina la mtaa huo ndilo alilolichukua kwa kazi yake, kwani jina la ukoo wake lilikuwa Mura. Hapo ndipo alipoingia katika kamishibai, michoro ya kadi ambayo msimuliaji aliizungusha mitaani kwa baiskeli, akiwauzia watoto peremende kabla ya kuanza hadithi. Televisheni ilipoenea, biashara hiyo ikafa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alihamia kwenye vitabu vya manga vya kukodisha, vilivyolipa kidogo mno, na soko hilo nalo likanywea. Tuzo yake ya kwanza kubwa, ya shirika la uchapishaji la Kodansha, aliipata mwaka 1965 akiwa na miaka 43, kwa hadithi ya mtoto anayeweza kuingia ndani ya televisheni, chombo kilekile kilichomwaga unga wake zamani.

Hata Kitaro, kijana wa mazimwi aliyempa umaarufu, alikuwa mhusika wa kamishibai ya miaka ya 1930 iliyotungwa na wengine, na Mizuki alikuwa amemchora kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya watu wengi kumjua. Kwa hiyo usiwajibu kaka zako kwa kutaja miaka 43 peke yake, maana mtu huyu hakuwa amekaa akisubiri bahati. Alikuwa akichora kwa malipo, hafifu lakini malipo, kwa takriban miaka kumi na mitano. Swali ambalo tungependa kukuuliza sisi ni kama umekwisha kuyaandika majina ya mizimu ya bibi, kila mmoja na ufuko wake.

SWALI: Mimi niko Tabora mjini. Mizuki, mtu wa mkono mmoja, aliwezaje kutimiza kurasa za jarida la kila wiki?

JIBU: Hakuzichora peke yake. Mwaka 1966 alianzisha Mizuki Production na kuajiri wasaidizi, miongoni mwao Yoshiharu Tsuge na Ryoichi Ikegami, ambao baadaye walisifika kwa kazi zao wenyewe. Ndiyo maana katika kurasa zake utaona wahusika wa mistari michache, karibu wa kitoto, wamesimama mbele ya misitu na nyumba zilizojazwa nukta moja moja na wasaidizi kwa subira ya mfuma mikeka.